Mambo ya Zamani katika Kiingereza

Kati ya Goma na Sake, kandokando ya ziwa Kivu, kuna mabonde madogo katikati ya mawe meusi. Majani yake ni mabichi, na mbuzi hupenda kushuka huko kula. Pengine mbuzi ashukaye hapandi tena. Mwenyewe humkuta amelala chini, hana jeraha wala ugonjwa, amekufa. Wenyeji huyaita mabonde hayo mazuku. Kinachoua ni hewa itokayo ardhini, iitwayo kaboni dioksidi. Haina rangi wala harufu. Nayo ni nzito kuliko hewa tuivutayo, kwa hiyo hukaa bondeni kama maji yakaavyo katika bakuli. Asubuhi mapema, kabla ya upepo kuvuma, hatari huwa kubwa zaidi. Wataalamu wa milima ya moto wamelichukua neno hili kwetu, nao hata wakiandika Kifaransa au Kiingereza huandika vile vile: mazuku.

Tuseme msichana wa darasa la sita anapita huko pamoja na mgeni asiyejua lugha ila Kiingereza. Mgeni anataka kushuka bondeni apige picha. Msichana anataka kumwonya. Anakumbuka somo la juma lililopita, anasema:

"Goats used to die here."

Yeye anadhani amesema kwamba mbuzi hufa hapa tangu zamani. Lakini mgeni amesikia jambo lingine. Amesikia: zamani mbuzi walikuwa wakifa hapa, lakini siku hizi hawafi tena. Basi mgeni anamshukuru kwa habari hiyo, kisha anaanza kushuka.

Kosa liko wapi? Maneno yote ya sentensi ile ni ya Kiingereza safi, na mwalimu akiisoma katika daftari asingetia alama nyekundu hata moja. Kosa ni kwamba sentensi hiyo si kweli. Ili kuelewa jambo hili, tuanze na Kiswahili chetu wenyewe.

Katika Kiswahili, mtu akitaka kusema desturi ya zamani, husema hivi: "Nyanya alikuwa akiuza samaki." Wengine husema: "Nyanya alikuwa anauza samaki." Katika mitaa ya Goma watu huongeza ka mwishoni: "Nyanya alikuwa anauzaka samaki." Kiswahili cha vitabu hakina ka hiyo, lakini kazi yake mjini ni wazi: yaonyesha kwamba jambo lilitendeka mara nyingi, si mara moja tu. Sasa tazama vizuri. Je, sentensi hizo zinasema kama nyanya ameacha kuuza samaki? Hapana. Labda ameacha, labda bado anauza. Tukitaka kusema ameacha, twaongeza maneno: "Siku hizi hauzi tena."

Kiingereza kina njia yake. Kina maneno mawili yaendayo pamoja, used to, na baada yake hufuata kitenzi bila kubadilika: "Grandmother used to sell fish." Maneno hayo mawili yanabeba habari mbili kwa mara moja. Habari ya kwanza: jambo hili lilikuwa desturi. Habari ya pili: desturi hiyo imekwisha. Ndiyo maana mgeni wetu alianza kushuka. Alisikia habari zote mbili, na ile ya pili ilikuwa uongo.

Used to haibadiliki kwa mtu. Mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao: wote ni used to tu. I used to sell, she used to sell, they used to sell. Hili ni jambo la kufurahisha, hasa kwa mtoto aliyekwisha kutoka jasho kwa sababu ya vitenzi vya Kifaransa. Lakini masikio yawe tayari. Mwingereza akisema haraka, d haisikiki. Wewe utasikia kama "yuusta", na s yake ni ya sabuni. Kuna used nyingine itokayo katika kitenzi cha kutumia, kama "She used a knife", yaani alitumia kisu. Hiyo hutamkwa kwa z, kama "yuuzd". Maandishi ni mamoja, sauti ni mbili, na maana ni mbili.

Used to haitumiki kwa matendo tu. Hutumika pia kwa hali, yaani mambo yasiyotendwa bali yaliyo: kuwa, kuwa na kitu, kukaa mahali, kujua, kupenda, kuitwa. Nchi yetu inatupa mifano mingi, maana majina mengi yamebadilika. Wakati wa Wabelgiji mji wa Bukavu uliitwa Costermansville, na mji wa Kisangani uliitwa Stanleyville. Tangu mwaka 1971 hadi 1997 Kongo yenyewe iliitwa Zaire. Kwa Kiingereza twasema:

"Bukavu used to be called Costermansville."

"Congo used to be called Zaire."

Hapo used to yafaa kabisa. Majina yale yamekwisha, na msikilizaji anaelewa kwamba yamekwisha.

Na kama jambo halikuwapo zamani, lakini sasa lipo? Basi twakanusha. Mtu akila sambaza mjini Goma anaweza kudhani kwamba samaki hao wamekuwa katika ziwa Kivu tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Sambaza ni samaki wa ziwa Tanganyika. Waliletwa katika ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960. Kwa hiyo:

"There didn't use to be any sambaza in Lake Kivu."

Tazama use katika sentensi hiyo: d imeondoka. Sababu ni kwamba did imekwisha kubeba wakati uliopita, na mzigo mmoja haubebwi na watu wawili kama mmoja atosha. Katika swali ni vile vile: "Did you use to live in Sake?" Yaani: zamani ulikuwa ukikaa Sake? Masikio hayasikii tofauti hata kidogo, lakini macho huiona katika daftari.

Sasa turudi kwa nyanya, kwa maana hapo watoto wengi huanguka. Mvulana mmoja anataka kumsifu nyanya yake mbele ya wageni. Anasema: "My grandmother used to tell us stories." Mara wageni wanainamisha vichwa na kunyamaza. Mmoja anasema kwamba anasikitika. Mvulana anashangaa, maana nyanya yupo jikoni anamenya viazi, na jana usiku tu alisimulia habari za sungura na chui! Wageni walisikia kwamba hadithi zimekwisha, wakafikiri kwamba na msimulizi amekwisha. Mvulana angesema "My grandmother tells us stories", nao wangecheka na kuomba kusikia moja. Ni kweli Waingereza wenyewe pengine huongeza maneno mwishoni: "She used to tell us stories, and she still does", yaani na hata sasa anasimulia. Lakini lazima waongeze. Wasipoongeza, mlango umefungwa.

Kwa nini watoto wa Goma hukosea hapa? Si kwa uvivu. Wanazo lugha mbili zinazowavuta. Ya kwanza ni Kiswahili, tulivyokwisha kuona. Ya pili ni Kifaransa. Kifaransa kina namna moja ya kitenzi iitwayo imparfait, nayo hufanya kazi nyingi. Elle vendait du poisson yaweza kuwa desturi ya zamani, tena yaweza kuwa jambo lililokuwa likiendelea saa ile ile. Kiswahili nacho hufanya hivyo. "Nyanya alikuwa akipika" ni nini? Yaweza kuwa kazi yake ya kila siku, au kazi aliyokuwa nayo mkononi mtu alipobisha hodi. Sisi tunatambua kwa maneno yanayozunguka. Mwingereza hutenganisha.

Chukua siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Siku hiyo mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ikashuka mpaka katikati ya mji wa Goma, ikafika ziwani. Kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu liliharibiwa. Sehemu ya kaskazini ya kiwanja cha ndege ilifunikwa, hata ndege zikabaki na theluthi mbili tu za njia yao. Maelfu na maelfu ya watu walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi katika Rwanda. Sasa mama mmoja wa mjini anasimulia: "Watu walipopiga kelele, nilikuwa nikipika." Kwa Kiingereza ni hivi:

"When people shouted, I was cooking."

Hakuna used to hapo, kwa sababu mama hasemi desturi. Anasema chungu kilikuwa motoni saa ile. Akisema "When people shouted, I used to cook", msikilizaji atafikiri kwamba kila mara watu walipopiga kelele, mama alianza kupika. Hakika huo ungekuwa mji wa ajabu.

Wala used to haitumiki kwa jambo lililotokea mara moja, hata likiwa kubwa kama hilo. "The lava destroyed the cathedral in 2002", basi. Wala kwa jambo lililohesabiwa. Kama baba alikwenda Bukavu mara tatu, ni "He went to Bukavu three times." Wala kwa muda uliopimwa: "We lived in Rutshuru for five years." Ukisema idadi, used to haina kazi tena. Yapenda mambo yasiyohesabiwa.

Kuna neno jingine lifanyalo kazi karibu na hiyo, nalo ni would. Wazee wakianza kusimulia kwa Kiingereza hulipenda sana. Mzee mmoja aliyekuwa mwendesha chukudu anaweza kusema hivi: "When I was young, I used to work with a chukudu. Every Monday I would load cabbages at Kibumba, and I would come down to Goma before noon." Maana yake: nilipokuwa kijana nilikuwa nikifanya kazi kwa chukudu, kila Jumatatu nilikuwa nikipakia kabichi kule Kibumba na kushuka Goma kabla ya adhuhuri. Chukudu haina jina la Kiingereza. Ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, na katika Kivu inajulikana kwa kila mtu. Inatosha kuiita kwa jina lake.

Tazama mzee alivyofanya. Kwanza alifungua kwa used to, msikilizaji ajue kwamba habari ni za zamani. Kisha akaendelea kwa would, maana used to ikirudiwa kila mara huchosha kama ngoma yenye pigo moja. Lakini would ina sharti. Ni kwa matendo tu, si kwa hali. Mzee hawezi kusema "I would have a chukudu" kwa maana ya kwamba zamani alikuwa nayo. Kuwa na chukudu si tendo, ni hali, kwa hiyo ni "I used to have a chukudu." Kupakia kabichi ni tendo, na hapo aweza kuchagua.

Jambo moja tena, maana linafanana kwa sura kama pacha. Waingereza husema "I used to" na husema pia "I am used to". Hiyo ya pili, yenye am, is, are, was au were mbele, ni kuzoea. Watu wa Goma wanakanyaga mawe ya lava kila siku, wanajengea mawe hayo, wanayapasua kwa nyundo na kuyauza. Wameyazoea. "They are used to the black stones." Hapo hakuna habari yoyote ya kukoma. Na kama baada yake kinafuata kitenzi, kinavaa ing: "They are used to walking on lava." Wamezoea kutembea juu ya lava. Ukiondoa are na ing, unapata "They used to walk on lava", yaani zamani walitembea juu yake, lakini sasa hawatembei. Neno moja dogo limetoweka, na mji mzima umeinuka ukahama! Kwa hiyo wanafunzi waangalie mambo mawili: kuna am au is au are mbele? Kuna ing nyuma? Kiswahili nacho husaidia kutega mtego huu, kwa sababu twaweza kusema "nilizoea kwenda sokoni" kwa maana ya desturi ya zamani. Mwanafunzi husikia kuzoea, akaandika I was used to, akapotea.

Watu watauliza: kwa nini mtoto wa Goma ajisumbue na mambo haya, naye ana Kiswahili na Kifaransa? Mpaka uko karibu sana. Serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Upande wa kaskazini iko Uganda, ambako Kiingereza ni cha kazi na cha shule tangu zamani. Na mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu auzaye viazi au anunuaye simenti ng'ambo atakutana na Kiingereza, apende asipende. Na mgeni ajaye kuona mlima atauliza habari za mlima.

Habari za mlima, basi, zisemwe sawasawa. Ndani ya shimo la Nyiragongo kulikuwa na ziwa la lava lililojulikana sana. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote likatoka katika muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutiririka upesi kuliko lava ya milima mingi, na vijiji vilivyokuwa chini havikupata nafasi ya kukimbia. Kama mtu angesema mwaka ule "There used to be a lake of lava up there", angesema kweli, maana shimo lilikuwa tupu. Lakini miaka michache baadaye ziwa lilirudi. Mwaka 2002 mlima ulipasuka tena, na baadaye ziwa likarudi. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipasuka mara nyingine. Lava ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na mji, kabla ya kufika kiwanja cha ndege.

Mtu aweza kuhesabu: "Nyiragongo erupted in 1977, in 2002 and in 2021." Ni kweli, na miaka imehesabiwa. Aweza pia kusema "Nyiragongo erupts", yaani mlima huu hupasuka, ndiyo tabia yake. Hapo Kiingereza kinatumia kitenzi kilekile cha siku zote, kama sisi tunavyotumia hu: jua huchomoza, mto hutiririka, Nyiragongo hupasuka. Lakini "Nyiragongo used to erupt" mtu asiseme. Kuna milima ya moto iliyozimika, na kwa milima hiyo sentensi yafaa. Karisimbi na Mikeno, inayoonekana kutoka Goma siku zisizo na mawingu, imelala tangu zamani sana. Nyiragongo haujalala.

Na yule msichana kule bondeni? Alipoona mgeni anashuka, aliacha sarufi yote ya juma lililopita, akapiga kelele: "No! Stop! They die here. They die today also!" Sentensi ya mwisho haikuwa nzuri, Mwingereza angesema "They still die here." Lakini mgeni alisimama, akageuka, akapanda.

Mazoezi

Tafsiri kwa Kiingereza. Kabla ya kuandika, jiulize kama jambo hilo limekwisha au bado lipo.

Zamani tulikuwa na ng'ombe wanane.

Mvua ilipoanza, watoto walikuwa wakicheza mpira.

Mjomba alikwenda Butembo mara mbili.

Kitambo hapakuwa na nyumba katika kilima hiki.

Kila jioni babu alikuwa akikaa mlangoni na kutazama mlima. (Babu amekufa.)

Kila jioni babu hukaa mlangoni na kutazama mlima.

Mama amezoea kuamka mapema.

Uliza mzee mmoja wa nyumbani kwenu: kulikuwa na nini mahali hapa alipokuwa mtoto? Andika majibu yake kwa sentensi sita za Kiingereza. Tia used to mahali inapostahili tu.